Daktari Aliyeko Nyumbani



Mama mmoja wa hapa Kuze ametuletea swali, nasi kwa idhini yake tunaliweka mbele ya wasomaji wote, kwani tumekwisha kuona kwamba si lake peke yake. Bintiye alisoma udaktari ng'ambo kwa miaka sita, akarejea na shahada, akapokewa kwa udi na marashi, na jamaa wakala biriani wakashiba. Huu sasa ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Tangu asubuhi hadi usiku yu chumbani na vitabu na kompyuta, na akiulizwa, jawabu yake ni kwamba anajitayarisha kwenda Marekani kusomea ubingwa. Majirani wameanza maneno: daktari gani huyu asiye na hospitali? Shangazi zake wanashuku kwamba alifeli na sasa anasitiri aibu. Na katikati ya hayo posa imebisha hodi, ya kijana mwenye dini na kazi yake. Mama anauliza kama ni haki kumwambia binti avunje safari hiyo, aolewe, atafute kazi kama wenziwe.

Rai yetu ni kwamba binti huyo yuko kazini, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko nyingi zinazolipwa mshahara. Lakini rai tupu haimtoshi mama wala haiwanyamazishi mashangazi, kwa hivyo inatupasa tueleze kazi hiyo ni ipi.

Kwanza tuondoe dhana kwamba shahada ndiyo mwisho wa udaktari. Hapa kwetu Kenya, aliyehitimu hupitia miezi 12 ya kuwa daktari mwanagenzi, akifanya kazi chini ya wakubwa wake katika wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, ndipo asajiliwe. Aliyesoma ng'ambo huongezewa hatua kabla ya hapo: shahada yake itambuliwe rasmi, kisha afanye mtihani wa Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno. Na hata akifaulu, hungoja kupangiwa hospitali, jambo ambalo hutegemea fedha za serikali. Wasomaji wanakumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei kwa siku 56. Miongoni mwa magomvi yake makubwa ni kupangiwa kazi kwa madaktari wanagenzi na malipo yao: serikali ikisema shilingi 70,000 kwa mwezi, chama cha madaktari kikishikilia shilingi 206,400 za mkataba wa mwaka 2017. Kwa hivyo yule mwenziwe binti aliyebaki hapa hapa naye amengoja.

Wala watu wasidhani kwamba mitihani hii juu ya mitihani ni bidaa ya Wazungu. Mwaka 319 Hijria, ambao ni 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari ya mtu aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha kwamba asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit bin Qurra. Waliotahiniwa walipita 860, isipokuwa wale waliokwisha kujulikana kwa umahiri wao. Watu 860 katika mji mmoja! Tunadhani wengi wao walikuwa na mashangazi.

Turudi Marekani. Huko, daktari aliyehitimu hawezi kutibu peke yake mpaka apitie mafunzo ndani ya hospitali, ambayo wenyewe huyaita rezidensi. Mafunzo ya magonjwa ya ndani, ya watoto, au ya tiba ya familia huchukua miaka 3, na ya upasuaji huanzia miaka 5. Si masomo ya kukaa darasani. Ni kazi ya mshahara, na kanuni inaruhusu hadi saa 80 kwa wiki. Mwenye shahada ya nje ya Marekani hawezi kuingia mpaka apate cheti cha chombo kinachoitwa ECFMG, kilichoundwa mwaka 1956 kwa ajili ya kuwapima madaktari wageni. Ili kukipata cheti hicho kuna mitihani miwili mikubwa, pamoja na mtihani wa lugha ya Kiingereza ya hospitalini, na njia ya kuthibitisha kwamba mtu anaweza kumpima mgonjwa kwa mikono yake.

Mtihani wa kwanza ni wa misingi ya elimu ya tiba, nao ni siku nzima ya saa nane. Wa pili ni wa kumtibu mgonjwa, na siku yake ni ya saa tisa. Tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza hauna alama. Ni kufaulu au kufeli tu. Kwa sababu hiyo uzito wote umehamia mtihani wa pili, ambao alama zake husomwa na kila hospitali. Na hapa pana jambo ambalo laiti kila mzazi angelijua: aliyefaulu haruhusiwi kurudia ili aongeze alama. Akienda kwa pupa akapita kwa tabu, alama zile ndogo humfuata daima. Akifeli, kufeli huko kunabaki katika kumbukumbu zake, na jumla ya majaribio kwa kila mtihani hayazidi manne. Binti anapomwambia mamake, "Bado sijawa tayari," maneno hayo si ya uvivu. Amepima, akaona kwamba mlango huu hufunguliwa mara moja.

Sasa tutazame nyumba zetu. Sisi wa Mji wa Kale tunajua tunavyoishi: ukuta wa jirani ni ukuta wetu, dirisha linatazama dirisha, na harusi ya nyumba ya tatu huisikia kana kwamba ngoma iko ubavuni mwako. Katika nyumba hiyo binti anatakiwa ajibu maswali arubaini kwa saa moja, apumzike kidogo, ajibu mengine arubaini, na baada ya hapo asome kwa nini amekosa yale aliyokosa. Afanye hivyo siku sita kwa wiki, kwa miezi sita, minane, au mwaka. Naye ndiye huyo huyo aitwaye kusonga unga wa mahamri, kumpeleka mdogo wake chuoni, kumfungulia mwenye mkokoteni wa maji, na kukaa na wageni kwa sababu "si yuko nyumbani tu?" Kaka yake angekuwa anasomea mtihani huo huo, tuna hakika angepelekewa chai mlangoni na watoto wangeambiwa wanyamaze.

Hatusemi binti asisaidie nyumbani. Tunasema nyumba ikae, mama na baba na wanawe, ipange saa zake kama inavyopanga saa za aendaye bandarini. Kutoka baada ya Alfajiri hadi Adhuhuri, kwa mfano, asiitwe. Shughuli za arusi na matanga awakilishwe na mwingine. Na Ramadhani, ambapo jikoni kwetu huanza Alasiri na kumalizika baada ya Tarawehe, tarehe ya mtihani isiwekwe ndani yake wala siku chache baada yake.

Kuna na adha nyingine, ambayo wenye kuileta hawaioni kuwa ni adha. "Daktari, njoo mpime bibi presha." "Daktari, tazama dawa hii." "Daktari, mdunge mtoto sindano, zahanati ni mbali." Sheria ya Kenya haimruhusu asiyesajiliwa kufanya kazi ya tabibu. Likitokea la kutokea, hatasimama jirani kumtetea, na jalada la polisi likifunguliwa, litaulizwa kila anapoomba leseni, hapa na huko. Kumpima bibi yake mwenyewe ni ihsani. Mtaa mzima ni mashaka.

Ama upande wa fedha, mtihani mmoja katika ile miwili hugharimu takriban dola 1,000 za Marekani, wakati mwingine zaidi, yaani shilingi laki moja na kitu. Ongeza mtihani wa lugha, ada ya cheti, ada za maombi ambazo huhesabiwa kwa kila hospitali anayoiomba, na wengine huomba zaidi ya mia. Ongeza tena safari ya mwezi mmoja au miwili kwenda kukaa katika hospitali za huko, maana hospitali nyingi hutaka barua za madaktari wa Marekani waliomuona mwombaji kwa macho yao. Hesabu hukaribia shilingi milioni moja, na mara nyingi huipita.

Fedha hizo hutoka wapi? Aghlabu hutoka kwa ukoo: mjomba anauza kiwanja, ami aliyeko Maskati anatuma kila mwezi, mama anavunja bangili zake. Ni jambo la kusifiwa. Lakini tumeketi katika vikao vya suluhu vya kutosha kujua kwamba ugomvi huanza pale ambapo mmoja alitoa akidhani anakopesha, na mwingine alipokea akidhani anapewa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, iliyo katika Suratul Baqara, imeshughulika na jambo hili la kuandika deni, na haikuwatoa ndugu wala wajomba. Iandikwe: hiki ni zawadi, hiki ni karadha, na karadha italipwa lini. Mshahara wa mwaka wa kwanza wa rezidensi hupita dola 60,000, nasi tunaona jamaa wakizidisha hesabu hiyo kwa shilingi na kuanza kujenga ghorofa hewani. Kodi ya serikali, kodi ya nyumba, chakula na nauli za huko hazizidishwi katika hesabu hizo. Na asikope kwa riba akitegemea kazi ambayo hajaipata.

Kuhusu makaratasi, tunataka kuwaonya hasa wazazi ambao watoto wao bado wako skuli. Majina yetu yana tabia ya kubadilika. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, cha skuli kinasema Fatuma, pasipoti inasema Fatma Mohamed, shahada inasema Fatuma Muhammad bint fulani. Kwetu huyu ni mtu mmoja. Kwa wakaguzi wa vyeti wa ng'ambo hawa ni watu wanne, na kila tofauti ni barua, kiapo cha wakili, na miezi ya kusubiri. Yasawazishwe kabla ya mtihani wa taifa, si baada ya shahada.

Na kabla ya kulipa karo ya chuo chochote cha nje, mzazi asiridhike na maneno ya wakala. Iko orodha ya vyuo vya tiba vya dunia nzima ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye intaneti bila malipo, na ndani yake imeandikwa kama wahitimu wa chuo hicho wanakubaliwa kuomba cheti cha ECFMG. Kuitazama ni kazi ya dakika kumi, nayo ni dakika kumi kabla ya miaka sita. Wale vijana wetu waliokuwa Sudan walipata somo jingine. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wa Kenya waliondolewa huku vyuo vimefungwa, na mtu ambaye nakala za matokeo yake zilikuwa ofisini tu alijikuta hana cha kuonyesha. Shahada ya tiba huthibitishwa na chuo chenyewe kilichoitoa. Kila mwisho wa mwaka wa masomo, mwanafunzi achukue nakala iliyopigwa muhuri ailete nyumbani.

Tuje kwenye mlango wenyewe. Septemba maombi hupelekwa. Tangu Oktoba hadi Januari hospitali huwahoji zile zinaowataka. Kisha mwombaji huandika orodha ya hospitali kwa mpango wa mapenzi yake, na hospitali nazo huandika orodha za waombaji. Kompyuta hulinganisha orodha hizo, na katika juma la tatu la Machi kila mtu huambiwa amepata au amekosa, na wapi. Atakayepata amefungika; hana ruhusa ya kusema nimebadili nia. Sisi tulipoelezwa utaratibu huu tulicheka, maana ni posa tupu, ila mshenga wake ni mashine.

Mahojiano hayo siku hizi mengi hufanywa kwa video, tangu wakati wa korona. Saa tatu asubuhi ya New York, wakati wa baridi yao, ni saa kumi na moja jioni kwetu. Saa tatu asubuhi ya California ni saa mbili usiku. Maana yake ni kwamba mahojiano huangukia baina ya Alasiri na usiku, saa ambazo nyumba zetu zina kelele kuliko zote na ambapo umeme hupenda kwenda. Siku hiyo watoto wapelekwe kwa bibi yao. Na binti aulizie mapema muda wa mapumziko, ili Magharibi isimpite.

Katika miaka ya karibuni, kati ya madaktari wageni kumi wasio raia wa Marekani walioingia katika ulinganishaji huo, takriban sita walipata nafasi. Wanne hawakupata, na katika hao wamo waliofaulu kila mtihani. Kwa hivyo Machi ikija na jawabu la kukosa, nyumba isigeuke matanga. Ndiyo maana tunashauri binti afuatilie pia usajili wake hapa Kenya, afanye unagenzi wake akipata nafasi, hata ukimchelewesha mwaka. Hospitali za huko hazipendi kuona miaka mitupu tangu mtu ahitimu, na mwenye leseni mkononi hata akikosa Marekani yuko Uingereza, yuko Ghuba, yuko Nairobi kwa shahada ya uzamili, na yuko hapa hapa.

Na ile posa ya kweli? Hatuoni sababu ya kuikataa kijana akiwa mwema, wala hatuoni sababu ya kuiharakisha. Binti na kijana wazungumze, mbele ya mahram wake, juu ya mambo yenyewe: miaka ya mafunzo, mji ambao hawatauchagua wao, zamu za usiku, mume kumfuata mke kwa viza yake, na watoto. Kijana akisema nakubali, wasiishie hapo. Wengi wetu Pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu hayo sharti la namna hii likiwekwa ndani ya akdi halimfungi mume. Ndoa husihi na sharti huanguka. Kwa Mahanbali sharti hilo husimama, na mume akilivunja mke ana hiari ya kuivunja ndoa. Tumewaona mabinti walioolewa kwa ahadi ya "utaendelea na masomo yako", na baada ya fungate ahadi ikayeyuka. Basi wazee wa pande zote mbili waandike walivyokubaliana, watie saini na mashahidi, na wamwendee Kadhi kabla ya siku ya nikaha awaeleze uzito wa walichoandika. Suala la binti kusafiri na kukaa bila mahram nalo lina khitilafu za wanavyuoni zinazojulikana, na nyumba imuulize mwanachuoni wake sasa, si usiku wa kufunga mizigo.

Limebaki jambo moja, ambalo hatujasikia likizungumzwa katika kibaraza chochote. Wengi wa madaktari wageni huingia rezidensi kwa viza iitwayo J-1. Ili aipate, daktari hutakiwa alete barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yake, na kwa binti huyu ni Wizara yetu, ikisema kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani hiyo, na kwamba daktari ameahidi kwa maandishi kurejea akimaliza. Na sheria ya Marekani humtaka akimaliza arudi kwao akae miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Iko njia ya kusamehewa miaka hiyo: kila jimbo la Marekani lina nafasi 30 kwa mwaka kwa madaktari watakaokubali kufanya kazi miaka 3 katika sehemu zenye uhaba wa matabibu. Wengi hupita hapo, na kwa sheria ya huko hawana kosa.

Lakini ahadi zilikuwa mbili. Marekani inaweza kusamehe sharti lake yenyewe. Haiwezi kusamehe neno ambalo binti aliliandikia Wizara ya Kenya, kwa sababu si neno lake. Suratul Maida inafungua kwa amri ya kutimiza mikataba, na haikubagua mikataba tuliyoiandika ili tupate viza. Mgonjwa wa Lamu anayehitaji bingwa bado hupanda boti, kisha basi, hadi Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa, na akifika huambiwa angoje. Barua ile imeandikwa kwa jina lake ingawa halimo. Anayejua tangu leo kwamba hana nia ya kurudi asiiombe. Ziko viza nyingine zisizodai ahadi hiyo, kama H-1B, ingawa nayo hutaka mtihani wa tatu, na Septemba 2025 serikali ya Marekani iliweka ada ya dola 100,000 juu ya maombi mapya, mzigo ambao hospitali chache zitakubali kuubeba kwa ajili ya mwanafunzi. Na anayeitia saini akiwa na nia ya kurudi, basi nyumba yake, mumewe na wale waliomchangia waijue barua hiyo siku ile ile anayoitia saini, wasije wakawa wao ndio watakaomshika mkono miaka mitatu baadaye na kumwambia abaki.

Wabillahi tawfiq.